Fomu ya Kaneez

Nguvumali, Tanga
23 Februari 2025

Mwanangu Eliza,

Hujambo? Mimi mzima, isipokuwa miguu. Mama yako bado yuko Mlalo anamuuguza bibi, kwa hiyo napika mwenyewe, yaani sipiki. Nakula chapati za jirani na chai.

Nina jambo la kukueleza. Kituo kimenipeleka kwenye kozi. Miaka kumi na tisa nabeba watu kwenye gari la wagonjwa, sasa wanataka nifundishe. Wanasema niwe mlezi na mpimaji. Mlezi anakaa na mwanafunzi ndani ya gari na kumwonyesha kazi. Mpimaji anamwangalia mwanafunzi akifanya, kisha anaandika alichokiona. Mimi niwe vyote viwili, na zamu zangu ziko palepale. Darasa asubuhi, gari jioni.

Mkufunzi wetu ni Madam Consolata. Sheria yake ya kwanza ni hii: ukipima, mikono nyuma, mdomo umefungwa, mpaka uone roho ya mgonjwa iko hatarini. Mzee Kombo alipoisikia alicheka hadi akakohoa. Unamjua Kombo, mwenzangu wa zamu. Akaniambia, "Yakhe, mikono nyuma kama mshtakiwa? Wewe huwezi hata kula huku umenyamaza."

Mwanafunzi niliyepewa ni Kaneez, binti wa Pirbhai mwenye duka la vyombo. Baba yake hakutaka aje huku. Ana miaka ishirini na tatu, na sauti yake ni ndogo kuliko ya kinanda cha kanisani kikikosa umeme.

Sasa shida yangu. Fomu za kozi zinataka maelezo marefu, kwa mwandiko safi na Kiswahili cha kueleweka. Mimi ni mtu wa darasa la saba na cheti cha huduma ya kwanza. Wewe unasoma kamusi kama wenzako wanavyosoma simu. Nitakuwa nakutumia maandishi yangu kwa kondakta wa basi la Lushoto, uyapange vizuri, unirudishie. Usimwambie mtu.

Baba yako,
Zebedayo

*

Shule ya bweni, Lushoto
2 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Bahasha nimeipokea. Matroni aliifungua kwanza, akaona ni fomu tupu, akanirudishia huku akiniuliza kama nimeposwa.

Nitakusaidia, Baba. Nimefurahi kuombwa. Hapa hakuna anayeniomba kitu isipokuwa daftari la Biolojia. Ukungu haujaondoka tangu Jumatatu na nguo hazikauki.

Mwalimu wa Historia amenitia kwenye mdahalo wa shule. Nilisimama, nikakumbuka kila nilichokiandika, na sikutoa hata neno moja. Dakika nzima. Wasichana wa nyuma wakaanza kunihesabia kwa sauti, "thelathini na tano, thelathini na sita." Nilikaa. Kwa hiyo nikisoma habari za Dada Kaneez na sauti yake ndogo, namwonea huruma kabla sijamjua. Tafadhali usimcheke na kinanda.

Naomba unijibu: je, ukimaliza kumwangalia, unamwambia mwenyewe ulichokiona, au unaandika tu?

Binti yako,
Elizabeti

*

Nguvumali, Tanga
9 Machi 2025

Mwanangu,

Umeuliza swali la Madam Consolata. Yeye anasema kwanza umkalishe mwanafunzi, umuulize, "Wewe umejionaje?" Kisha umwambie ulichokiona, uso kwa uso, na fomu ije mwisho. Kwenye ubao inaonekana rahisi. Sasa ni Ramadhani, Kaneez na Kombo wamefunga, tukirudi kituoni kila mtu anataka maji na tende. Mimi nimkalishe binti wa watu nimwambie umeshindwa? Ataanza kulia, na mimi sijui la kufanya na mtu mzima anayelia. Kwa hiyo ataisoma kwenye fomu.

Maandishi yangu haya hapa. Nimeandika juu ya goti, gari likiwa linakwenda.

*Tarehe 4. Mtaa wa Mabawa. Mzee wa kisukari kaanguka bafuni. Kaneez kapima sukari, iko chini sana. Kaiona. Nimemwona kaiona. Hakusema. Kanitazama mimi. Mikono yangu nyuma. Dakika mbili. Nikashindwa, nikasema mimi, tukampa sukari.*

*Tarehe 6. Barabara ya Pangani. Pikipiki. Mguu umevunjika. Mikono ya Kaneez ni mizuri, kaufunga mguu kuliko mimi. Kombo kafunga mkanda wa machela vibaya. Kaneez kauona. Hakusema. Kombo alipogeuka, akaufungua, akaufunga upya kimyakimya.*

*Anajua kazi. Hasemi mbele ya mkubwa. Bado. Asiachwe bila mlezi.*

*Sijamwambia. Ataisoma kwenye fomu.*

Basi. Yapange. Uamuzi hatuuandiki sisi, si wewe wala mimi. Madam ndiye anayesoma maelezo, kisha anaandika "Anaweza" au "Bado". Fomu nne nyingine za kundi letu nimeshaziandika mwenyewe na Madam kazirudisha, eti hazisomeki.

Nimechoka, mwanangu. Jana nililala nimekaa kwenye kiti, kiatu kimoja mguuni.

Baba yako,
Zebedayo

*

Shule ya bweni, Lushoto
14 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Fomu iko ndani. Nimeiandika mara tatu kwenye karatasi ya kawaida kabla ya kuiweka kwenye fomu yenyewe. Nakuandikia hapa nilichoweka, ili ukisome hata kama taa zitazimika:

*Mwanafunzi ni mtulivu na mwenye adabu. Hutambua hali ya mgonjwa kwa haraka na kwa usahihi. Hafanyi jambo kwa papara, bali husubiri uongozi wa mkubwa wake wa kazi. Mikono yake ni hodari, hasa katika kufunga viungo vilivyovunjika. Anaporekebisha kosa la mwenzake hufanya hivyo kwa hekima, bila kumwaibisha mtu. Akiendelea kupewa nafasi ya kujiamini, ataweza kufanya kazi na mhudumu yeyote.*

Pembeni mwa fomu kuna maneno madogo ya penseli. Ukipata nafasi, naomba uyatazame kabla ya kutia saini.

Likizo fupi nitakwenda Mlalo kwa Mama na Bibi. Kula chakula cha kweli, Baba.

Binti yako,
Elizabeti

*

Nguvumali, Tanga
23 Machi 2025

Mwanangu Eliza,

Umeniheshimisha. Madam Consolata kasoma fomu yako, yaani yangu, mbele ya darasa zima. Kasema, "Hivi ndivyo mpimaji anavyoandika." Bryson wa Korogwe akaniuliza nimesoma chuo gani. Nikamwambia chuo cha Nguvumali, tawi la Lushoto.

Nilitia saini baada ya zamu mbili mfululizo. Zile penseli zako nilizifuta kwa kifutio, maana fomu inatakiwa iwe safi.

Madam kaandika "Anaweza". Kusema kweli nilishtuka kidogo. Mimi nilidhani bado. Lakini yeye amesomea mambo haya, mimi nani nimwambie rudi nyuma? Pengine ameona kitu nisichokiona. Kaneez alisoma fomu, akatia saini yake, akaniambia, "Asante, Mzee. Nilikuwa naogopa umenichoka." Alitabasamu hivi. Baada ya Idi ataanza zamu na Kombo, bila mimi.

Mwambie mama yako nimepata barua yake ya uji wa bibi. Sijui kwa nini ananieleza habari za uji.

Baba yako,
Zebedayo

*

Nguvumali, Tanga
13 Aprili 2025

Mwanangu,

Nimekaa siku nyingi bila kukuandikia. Usidhani naumwa.

Tarehe tisa waliitwa Horohoro, pale mpakani. Mama mmoja muuza chai, pumu imembana. Kombo na Kaneez walikwenda. Kabla ya kutoka, mshale wa mtungi wa oksijeni ulikuwa unagusa nyekundu. Mtungi wa pili, uliojaa, ulikuwa stoo, hatua kumi kutoka kwenye gari. Kombo akasema, "Mtungi upo, twende," kwa sababu alijua aliubadilisha. Kumbe aliubadilisha wa gari lingine.

Kaneez aliuona mshale. Kombo mwenyewe ameeleza, sasa anakumbuka: yule binti aliweka kidole chake juu ya kioo cha geji, akakiacha pale. Kombo akadhani anapangusa vumbi.

Walipofika Duga wakirudi, oksijeni ikaisha. Kaneez alimpulizia yule mama kwa ule mfuko wa hewa unaominywa kwa mkono hadi Tanga, bila kubadilishana na mtu. Mikono yake ilivimba. Yule mama yuko hai, ila siku nne hakuongea, na sasa anaongea kama mtu anayetafuta maneno chini ya kitanda.

Kombo amesimamishwa. Kaneez amesimamishwa. Kamati inaitisha fomu zote.

Wewe soma. Mitihani iko karibu.

Baba

*

Shule ya bweni, Lushoto
17 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma chooni kwa sababu ndiko pekee ninakoweza kuwa peke yangu.

Baba, naomba nikwambie nilichokifanya, na nitakiandika kwa kalamu. Wewe uliandika "Bado. Asiachwe bila mlezi." Mimi sikuiandika sentensi hiyo. Niliandika "ataweza kufanya kazi na mhudumu yeyote". Wewe uliandika mara mbili "hakusema", na mimi nikaandika "mtulivu" na "hekima". Sikuwa namdanganya mtu makusudi. Nilifikiri ukimya si kosa. Nilifikiri kama mtu angeandika juu yangu, ningependa aandike hivyo.

Penseli zile zilisema: "Baba, hapa nimelainisha. Wewe ulisema bado. Nirudishe?" Nilidhani utaniambia. Ulipoandika kwamba umezifuta, nilielewa hukuzisoma. Nilielewa tangu Machi, Baba, na nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa umefurahi sana.

Yule mama ana watoto?

Elizabeti

*

Nguvumali, Tanga
27 Aprili 2025

Mwanangu Eliza,

Futa machozi. Wewe ni mtoto, fomu si yako. Saini ni yangu.

Nimekaa mbele ya kamati Jumatano. Watu watano, meza ndefu, feni haizunguki. Wakaniuliza, "Mzee Zebedayo, maelezo haya ni yako?" Nikasema ni yangu. Wakauliza, "Hukuona kasoro hii ya kunyamaza?" Nikasema niliiona. "Mbona hukuandika?" Eliza, nilikuwa nimetoka zamu. Mbele yao alikaa Madam Consolata, ananitazama kama aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. Nikasema sikuandika kwa sababu nilimwonya kwa mdomo. Nilisema nilimkalisha, nikamwambia yote, akakubali kujirekebisha.

Neno likishatoka halirudi. Wakaliandika.

Sasa wanaona hivi: binti alionywa, akarudia kosa, mgonjwa akaumia. Tarehe ishirini na moja Mei wanakaa mara ya mwisho na kumwondoa kabisa. Kombo atarudi, ni mtu wa siku nyingi. Mimi nitapata cheti changu cha upimaji. Pirbhai atafurahi, mwanawe atarudi dukani kuuza sufuria, na huko hakuna anayekufa.

Najua unavyoniona ukisoma haya. Lakini nimebakiza miaka sita nistaafu, na magoti yangu hayawezi machela tena. Cheti hiki ndicho kinachonitoa ndani ya gari na kunikalisha darasani. Karatasi zangu zile za Machi zitie kwenye moto wa jikoni. Usimwandikie mtu.

Baba yako,
Zebedayo

*

Shule ya bweni, Lushoto
2 Mei 2025

Dada Kaneez,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ni Elizabeti, binti wa Mzee Zebedayo, niko kidato cha tatu. Barua hii nimeituma dukani kwa baba yako kwa sababu ndiyo anwani pekee ninayoijua.

Fomu uliyoisoma mwezi wa tatu, ile iliyosema wewe ni mtulivu na mwenye hekima, niliiandika mimi. Baba alikuwa ameandika mengine. Mimi niliyalainisha kwa sababu na mimi siwezi kusema mbele za watu, nikadhani nakutendea wema. Nisamehe. Kama huwezi kunisamehe, nitaelewa pia.

Naomba nikuulize jambo moja tu. Je, Baba alikukalisha na kukuonya?

Elizabeti Zebedayo

*

Tanga mjini
8 Mei 2025

Elizabeti,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea, ingawa mimi na wewe hatupishani sana, na leo sijisikii mkubwa wa mtu yeyote.

Hapana. Hakunionya. Hakunikalisha hata siku moja. Nilikuwa nikimaliza kazi namngojea aniambie kitu, anasema, "Haya, binti, kanawe."

Nikwambie kilichotokea kwenye kamati. Waliniita baada yake, yeye akiwa bado amekaa pale pembeni. Mwenyekiti akasema, "Mzee Zebedayo anasema alikuonya kwa mdomo. Ni kweli?" Nilimtazama baba yako. Alikuwa anatazama mikono yake. Nywele zake zimekuwa nyeupe hapa kwenye masikio, umeziona? Nikafikiri, nikisema hapana, nimemwita mtu wa umri wa baba yangu mwongo mbele ya watu watano. Kwetu, na nadhani hata kwenu, hilo halitamkiki. Nikanyamaza. Mwenyekiti akaandika kwamba nimekubali.

Unaona? Hata pale nilifanya kosa lilelile.

Umeniomba msamaha kwa kulainisha. Nimekasirika, Elizabeti, nisikufiche. Nilibandika nakala ya ile fomu ukutani juu ya kitanda changu. Nilimsomea baba yangu yale maneno, "hekima, bila kumwaibisha mtu," na kwa mara ya kwanza akasema labda kazi hii inanifaa. Nilipoweka kidole kwenye ile geji nilijiona nafanya vizuri kabisa. Sikumwaibisha Mzee Kombo. Ulinionea huruma bila kunijua, na huruma yako ikanifundisha kitu cha uongo juu yangu mwenyewe. Baba yako angeniambia "bado" usoni, ningelia, ndiyo. Ningekwenda kulia nyuma ya stoo nusu saa. Halafu ningerudi.

Nimekwenda mara tatu kumwona yule mama. Anaitwa Rehema. Ana watoto wawili. Ananiita nesi, nami sina nguvu ya kumsahihisha.

Unasema baba yako alikuwa ameandika mengine. Kama bado unayo, naomba kuyasoma. Si kwa ajili ya kamati. Nataka tu kujua mtu aliyenitazama wiki tano aliona nini.

Kaneez

*

Shule ya bweni, Lushoto
11 Mei 2025

Baba,

Shikamoo.

Sikuzichoma zile karatasi. Ziko ndani ya daftari langu la Biolojia, ukurasa wa mfumo wa upumuaji. Nimezisoma leo mara nyingi. Mstari wa mwisho umeuandika kwa mkono wako, "Sijamwambia. Ataisoma kwenye fomu." Na tarehe iko juu.

Nimemwandikia Dada Kaneez, ingawa ulinikataza. Amenijibu. Baba, yeye hakuonywa, na mbele ya kamati alinyamaza ili asikuite mwongo. Alitazama nywele zako nyeupe akanyamaza. Kama atafukuzwa tarehe ishirini na moja, atakuwa amefukuzwa kwa kukuheshimu wewe.

Nimejaribu kuandika sentensi inayofuata kwa njia nyingi za adabu, na kila njia inaifanya iwe kitu kingine, kama nilivyofanya kwenye fomu. Kwa hiyo naiandika kama ilivyo. Ulisema uongo. Ulitia saini karatasi ambayo hukuisoma. Ulishtuka Madam alipoandika "Anaweza", na hukusema. Unamhukumu mtu kwa kunyamaza, na wewe ulinyamaza mara tatu: kwake, kwa Madam, na pale alipoulizwa mbele ya kamati.

Mimi pia nilinyamaza. Nitaandika hivyo kwa Madam Consolata. Nimeshaiandika barua yake, kurasa mbili, pamoja na maandishi yako ya Machi. Naomba uende wewe mwenyewe kabla yangu. Jumamosi tarehe kumi na saba kama sijapata neno lako, nitampa kondakta bahasha. Nakueleza mapema ili usiseme nilikuvizia.

Najua habari ya magoti. Nimelia kwa ajili ya magoti yako kuliko kwa kitu kingine chochote. Lakini Baba, ukikaa darasani na cheti hicho, utamfundisha nani nini?

Kama utanikasirikia, nikasirikie kwa barua ndefu. Usikae kimya.

Elizabeti

*

Nguvumali, Tanga
16 Mei 2025

Eliza,

Usimpe kondakta. Nakwenda Jumatatu. Zilete zile karatasi kwa basi la kesho, kwa jina langu. Nataka niziweke mezani mimi.

Nimekasirika. Barua ndefu sina nguvu nayo.

Baba

*

Nguvumali, Tanga
25 Mei 2025

Mwanangu Elizabeti,

Hujambo? Bibi amepata nafuu, mama yako anarudi mwisho wa mwezi. Nimefagia nyumba.

Nilikwenda Jumatatu. Nilimkuta Madam Consolata peke yake, nikaziweka karatasi. Akazisoma zote, zile chafu za juu ya goti. Kisha akasema, "Mzee Zebedayo, hii ndiyo tathmini bora niliyoisoma mwaka huu. Mbona hukuniletea hii?" Nikasema haina Kiswahili. Akasema, "Ina alichokiona mtu." Kisha akasema na yeye ana kosa, aliipenda fomu kwa sababu inasomeka vizuri, hakuniuliza hata swali moja. Kosa lake hilo amelipeleka mwenyewe kwenye kamati.

Tarehe ishirini na moja walikaa. Kaneez harudi dukani. Anarudi kuwa mwanafunzi, miezi mitano, chini ya mlezi mwingine. Mimi cheti nimenyimwa. Naweza kuomba tena baada ya mwaka, nikianza mwanzo. Kombo amepewa onyo na ataendelea. Kwa hiyo niko ndani ya gari, na magoti yangu pamoja nami. Leo tumebeba watu sita, mmoja kutoka ghorofani.

Jina lako sikulitaja. Nilisema mtu wa nyumbani alininakilia. Madam akasema, "Mwambie huyo mtu wa nyumbani asinakili tena." Nimekufikishia.

Sasa la mwisho. Ijumaa nilimwita Kaneez tukakaa nje ya kituo, kwenye lile benchi la madereva. Nikamwuliza swali la Madam, "Wewe umejionaje?" Nikangoja. Mikono sikujua niiweke wapi. Kisha nikamwambia yote niliyoyaona tangu Mabawa, moja baada ya jingine, na kwamba nilidanganya kwenye kamati, na kwamba alikuwa bado hajawa tayari, na ni mimi niliyepaswa kumwambia.

Hakulia. Alisimama. Akasema, "Mzee, ulikuwa na wiki tano. Wiki tano nilikaa na wewe kwenye gari moja! Ungeniambia mwezi wa tatu, Mama Rehema angekuwa anauza chai leo!" Alisema kwa sauti ambayo sikujua anayo. Madereva waligeuka. Kombo alitoka na kikombe mkononi kuona nani anagombana, akasimama mlangoni, na Kaneez akamgeukia na yeye. "Na wewe, Mzee Kombo, mtungi ulikuwa mwekundu, nikakuonyesha, hukutazama!"

Dirisha la wodi liko juu ya benchi lile, mwanangu, na lilikuwa wazi. Ilinijia mdomoni kumwambia ashushe sauti, hapa kuna wagonjwa.

Sikumwambia. Nilikaa, nikamsikiliza hadi alipomaliza.

Baba yako,
Zebedayo